Mwizi wa Simu Anatafuta Laini: Funga Taarifa Zako Kabla Simu Haijapotea

Uliza mtu yeyote pale stejini simu yake ina thamani gani, naye atakutajia bei aliyonunua: elfu kumi, elfu ishirini na tano, ama "hii nilipewa tu na ndugu yangu". Mwizi ana hesabu yake tofauti. Simu ya elfu kumi akiiuza haraka haraka, anaondoka na pesa kidogo sana. Lakini laini iliyo ndani yake, ikiwa na akiba, ikiwa imeunganishwa na benki na inaweza kukopa, inaweza kumpa mara nyingi ya hapo kabla jua halijatua.

Ndiyo maana mteja akitupigia kusema ameibiwa, mara nyingi si simu inayomliza. Analia karo ya mtoto iliyokuwa humo. Analia mkopo ambao hakuuchukua yeye. Anaona aibu kwa sababu shangazi yake ametuma elfu tatu kwa mtu aliyejifanya ni yeye kwenye WhatsApp.

Leo tuna mambo mawili tu ya kukuomba. Kwanza, funga laini yako. Pili, ondoa kwenye simu vile vipande vya taarifa vinavyomsaidia mwizi kuifungua. Kazi yote ni kama nusu saa, na haigharimu hata senti.

Kwa nini laini ndiyo ufunguo

Hebu fikiria namba yako inafungua milango mingapi. Ukisahau nywila ya barua pepe, unaweza kutumiwa namba za uthibitisho kwa meseji. Ukiweka WhatsApp kwenye simu mpya, ni hivyo hivyo. Benki, sacco, eCitizen, programu za mikopo, zote humtambua mtu kwa meseji inayoingia kwenye laini yake. Anayepokea meseji ndiye mwenye mali, kwa macho ya mashine.

Sasa, simu yako inaweza kuwa na kufuli ya alama ya kidole, tena ile kali kabisa. Lakini laini ni kadi ndogo tu. Mwizi anaichomoa kwa pini, anaitia kwenye kabambe yake, na baada ya dakika moja meseji zako mpya zinaingia kwake. Kufuli ya kioo imebaki kwenye simu, laini imetembea.

Na kama wewe mwenyewe unatumia kabambe, hili linakuhusu zaidi. Simu nyingi za aina hiyo hazina kufuli nyingine ya maana. Usidhani wezi wanatafuta simu kubwa pekee.

Weka PIN ya laini

Dawa ya mwizi wa kadi ni PIN ya laini. Hii si PIN ya kutuma pesa, na si ile ya kufungua kioo. Ni namba inayoulizwa kila mara laini inapowekwa kwenye simu nyingine, au simu inapozimwa na kuwashwa tena. Bila namba hiyo, kadi haishiki mtandao. Mwizi anabaki na kipande cha plastiki.

Kwenye simu ya Android, fungua mipangilio, halafu kwenye kile kisanduku cha kutafuta andika "SIM". Utaona mahali pa kufunga kadi, ambapo mara nyingi pameandikwa "SIM lock" au "SIM card lock". Kwenye iPhone, ingia mipangilio, fungua sehemu ya mtandao wa simu, utaona "SIM PIN". Kwenye kabambe, tafuta sehemu ya usalama ndani ya mipangilio.

Hapa uende polepole. Simu itakuuliza kwanza PIN iliyopo, yaani ile ambayo laini ilikuja nayo. Mara nyingi imeandikwa kwenye ile plastiki uliyobandua kadi siku uliponunua. Kama huna plastiki hiyo, usibahatishe. Ukikosea mara tatu, laini inajifunga na kuomba namba ndefu ya tarakimu 8 inayoitwa PUK. Ukikosea PUK mara kumi, kadi imekufa na itabidi ununue nyingine. Kwa hivyo piga huduma kwa wateja wa mtandao wako kwanza, wathibitishe kuwa ni wewe, wakupe namba sahihi. Kisha uibadilishe uweke yako.

Tuwe wakweli pia: PIN ya laini haisaidii kama simu imenyakuliwa mkononi ikiwa wazi, kama inavyotokea ukiongea kando ya dirisha la matatu. Hapo kinachokusaidia ni kioo kujifunga haraka. Weka sekunde 30, usiweke dakika kumi.

Vipande vidogo vinavyomfungulia mwizi njia

PIN ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000. Mwizi hana muda wa kujaribu yote, na akikosea mara chache anafungiwa nje. Hapo uko salama. Lakini ukitumia mwaka wako wa kuzaliwa, umempunguzia kazi kutoka 10,000 hadi chini ya 100, kwa sababu watu wazima wote walio hai walizaliwa ndani ya miaka hiyo. Na kama una picha ya kitambulisho kwenye simu, umempunguzia hadi jaribio moja.

Unaona jinsi vipande vinavyoungana? Picha ya kitambulisho peke yake haina pesa. Mwaka wa kuzaliwa peke yake hauna pesa. Meseji ya mwisho ya malipo peke yake haina pesa. Lakini mtu akipiga simu kwa kampuni yoyote na kusema "nimesahau PIN", huulizwa maswali ya kumtambua: jina kamili, namba ya kitambulisho, pengine shughuli zake za hivi karibuni. Yule aliyeshika simu yako anasoma majibu kutoka kwenye simu yako.

Kwa hivyo pitia simu yako leo uondoe haya:

- Picha za kitambulisho, pasipoti, kadi ya benki na cheti cha KRA. Ukizifuta, nenda pia kwenye pipa la picha zilizofutwa, maana hukaa humo siku kadhaa kabla ya kuondoka kabisa. Kumbuka pia ile nakala uliyomtumia mwenye nyumba kwenye WhatsApp. Nayo bado ipo kwenye mazungumzo.
- PIN uliyoiandika kama namba ya mtu. "Mama Pin 2", "Benki Juma", "Siri". Wezi wanaujua mchezo huu kuliko sisi. Wakiona namba ya tarakimu nne kwenye orodha ya majina, hiyo ndiyo wanajaribu kwanza.
- Nywila ulizojitumia mwenyewe kwa meseji, au zilizo kwenye daftari la simu bila kufuli.
- Meseji za zamani za benki na malipo ambazo huzihitaji. Ukitaka kumbukumbu, unaweza kuomba taarifa ya akaunti wakati wowote.

Kama ni lazima uwe na nakala ya kitambulisho kwenye simu, iweke ndani ya folda yenye kufuli. Simu nyingi za Android siku hizi zinayo.

Kioo kimefungwa, meseji nazo zifungwe

Jaribu hivi: funga simu yako, uiweke mezani, kisha mwambie mwenzako akutumie meseji. Je, umeisoma bila kufungua simu? Basi na mwizi ataisoma. Namba za uthibitisho zikitokea juu ya kioo, kufuli yako imekuwa pambo tu. Ingia mipangilio ya arifa uchague meseji zionyeshe jina pekee, au zisionekane kabisa mpaka simu ifunguliwe.

Ukiwa hapo, fungua na WhatsApp. Kwenye mipangilio ya akaunti kuna uthibitishaji wa hatua mbili. Unachagua PIN yako ya tarakimu sita. Baada ya hapo, hata mwizi akipata laini yako na ile meseji ya uthibitisho, hawezi kuingia WhatsApp yako bila PIN hiyo. Dakika mbili hizi zinaokoa ndugu na marafiki zako wasiombwe pesa kwa jina lako.

Simu yako iko mfukoni, lakini laini imehama

Kuna wizi mwingine ambao haukugusi hata kidogo. Mkora anakusanya jina lako, namba ya kitambulisho na namba ya simu, kisha anadanganya laini yako imepotea na kuomba kadi mpya. Kadi yake ikiwashwa, yako inazimika. Wewe unafikiri ni mtandao umepotea, unangoja. Wakati unangoja, yeye anafanya kazi.

Dalili ya kwanza ni mtandao kuisha ghafla hali wenzako walio karibu nawe, wa kampuni hiyo hiyo, wanaongea vizuri tu. Dalili ya pili ni meseji ya kusema umeomba kubadilisha laini, na wewe hujaomba chochote. Ukiona mojawapo, usilale nayo. Azima simu upige huduma kwa wateja papo hapo.

Kama laini yako ni ya Safaricom, piga *100*100# ili namba yako isiweze kubadilishwa kiholela na mtu mwingine. Piga pia *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoijua, ikatae. Laini iliyosajiliwa kwa jina lako na kutumiwa kutapeli watu inaweza kukuletea polisi mlangoni, hali hujui lolote.

Sauti tamu kwenye simu

Mara nyingi mkora hahitaji kuiba chochote. Anakupigia tu, anakuita kwa jina lako kamili, anasema yuko ofisini kwetu, na kwamba laini yako inafungwa leo saa kumi. Anajua jina lako. Hilo linakufanya umwamini. Lakini jina lako liko kila mahali: kwenye kitabu cha wageni pale mlangoni mwa jengo, kwenye fomu ya mchango, kwenye kundi la chama. Kujua jina si ushahidi wa kitu chochote.

Shika sheria hizi tatu:

Hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza PIN. Si leo, si kesho, si hata kama mfumo umeharibika.

Namba za uthibitisho zilizoingia kwenye simu yako hazisomewi mtu. Aliyezituma anazijua tayari. Anayekuomba umsomee ndiye asiyezijua.

Usipige msimbo unaoamrishwa na mtu aliye kwenye simu. Kuna misimbo, kama ile inayoanza na *21*, inayohamisha simu zako ziingie kwa namba yake. Ukishuku umewahi kufanya hivyo, piga ##002# kufuta uhamisho wote.

Kwa wateja wa Safaricom, kampuni hiyo imesema hupiga kutoka 0722 000 000 pekee, na namba za matapeli unaweza kuzituma kwa 333 bila malipo. Kwa kampuni nyingine yoyote, kata simu kisha upige wewe mwenyewe namba rasmi. Mtu wa kweli hatakasirika.

Programu za mkopo na majina ya watu wako

Hapa taarifa zinazohatarishwa si zako peke yako. Wakenya wengi wanakumbuka jinsi programu za mikopo zilivyokuwa zikiomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina. Ukichelewa kulipa, simu zinaanza kuingia kwa mwajiri, kwa mchungaji, kwa mama mkwe: "Mwambie mtu wako alipe." Watu hao hawakukopa, na hawakuulizwa.

Mambo yamebadilika. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinawataka wakopeshaji wa kidijitali kuwa na leseni, na haziwaruhusu kuwasumbua watu walio kwenye orodha yako ya majina. Mwaka 2023, Google ilipiga marufuku programu za mikopo ya kibinafsi kwenye duka lake kusoma majina na picha za mteja. Na mwezi Septemba mwaka huo huo, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilitangaza faini ya KSh 2,975,000 kwa mkopeshaji mmoja aliyetumia majina na namba za watu kuwatumia meseji na simu za vitisho.

Hata hivyo, sheria haiwezi kukusaidia ukipakua programu kutoka kwenye kiungo ulichotumiwa na mtu usiyemjua. Programu hizo hazipiti duka rasmi, na huomba ruhusa ya kila kitu. Kabla ya kubonyeza kukubali, jiulize: tochi inahitaji meseji zangu kwa nini? Kikokotoo kinataka kujua niko wapi? Kama hakuna sababu, kataa. Na kabla ya kukopa, angalia kama jina la mkopeshaji liko kwenye orodha ya walio na leseni kwenye tovuti ya Benki Kuu.

Simu ikienda kwa fundi, au ikiuzwa

Ukimpelekea fundi simu, toa laini na kadi ya kumbukumbu kwanza. Kama fundi anataka nywila yako ili ajaribu kioo, baki hapo umfungulie mwenyewe. Simu nyingi mpya za Samsung zina hali ya matengenezo ambayo huficha picha, meseji na akaunti zako wakati wa ukarabati. Iwashe kabla ya kuiacha.

Ukiuza simu au kumpa mdogo wako, kufuta picha hakutoshi. Hifadhi vitu vyako mahali pengine, ondoa akaunti yako ya Google au Apple, kisha irudishe simu kama ilivyotoka kiwandani. Laini usiiache humo "ataitoa tu".

Na laini ambayo huitumii tena? Usiitupe kimya kimya. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni inaweza kumpa mtu mwingine namba hiyo. Kama benki yako bado inaijua kama namba yako, meseji za pesa zako zitakwenda kwa mgeni. Badilisha namba benki, kwenye barua pepe na eCitizen kwanza, ndipo uiache laini ife.

Ikishapotea: saa ya kwanza

Simu ikishaenda, usianze kuizunguka mitaa ukiitafuta. Fanya haya kwa mfululizo huu:

1. Azima simu ya mtu mwenye laini ya mtandao wako, upige huduma kwa wateja wafunge laini. Safaricom na Airtel zote hutumia 100 ukipiga kutoka laini yao. Hatua hii ni ya kwanza kwa sababu inafunga milango yote kwa pamoja.
2. Tupigie sisi, na upigie benki na sacco yako, ili akaunti zisimamishwe.
3. Ingia kwenye akaunti yako ya Google au Apple kwa simu nyingine, uifunge simu iliyopotea au ufute kila kitu kilicho ndani.
4. Badilisha nywila ya barua pepe. Anayeshika barua pepe yako anaweza kubadilisha nywila nyingine zote.
5. Waarifu watu wako na vikundi vyako kwamba wasitume pesa.
6. Nenda kituo cha polisi upate namba ya OB, kisha uende na kitambulisho halisi ukachukue laini mpya.

Ili uweze kufanya haya yote bila simu, andika kwenye karatasi leo: namba za huduma kwa wateja, namba ya mtu mmoja wa nyumbani, na IMEI ya simu yako. IMEI unaipata ukipiga *#06#. Weka karatasi hiyo nyumbani, si kwenye mkoba unaobeba simu.

Taarifa ni zako, hata zikiwa kwetu

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ikaipa haki hiyo meno. Una haki ya kujua taarifa zako zinatumiwa kwa kazi gani, kuona zile zilizohifadhiwa, kutaka zilizokosewa zirekebishwe, na kukataa zisitumiwe kwa matangazo. Sheria hii inatufunga sisi pia, kama inavyomfunga mkopeshaji, shule au kilabu. Ukiona tumekosea, tuambie. Na yeyote akikukosea na asikusikilize, unaweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Kulinda Data. Sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90.

Lakini siku 90 ni nyingi kwa mtu ambaye karo ya mtoto wake imekwenda. Kinga iliyo karibu zaidi iko mkononi mwako sasa hivi. Kama huna muda wa kufanya yote leo, anza na mawili: weka PIN ya laini, na ufute ile picha ya kitambulisho. Ukimaliza, chukua simu ya mama au ya baba, umfanyie na yeye.